Nimefunga mtego wa radi nyumbani Muleba, nusu ya hela imezikwa ardhini na ndo palipotakiwa

Wakuu habari, hii riviu ya mtego wa radi, yaani fimbo za chuma za kuipokea radi na kuishusha ardhini, nimeichelewesha makusudi kabisa maana sikutaka kusifia kitu kabla masika haijapita juu yake. Sasa imepita. Walionifungia nawapa nyota nne kasoro, hiyo kasoro nitaisema, na jina la kampuni sitaji, wala la wale wawili waliotangulia kunila hela, maana lengo ni wewe ujue unalipia nini.

Kwanza mjue tunakaa wapi. Muleba, Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Asiyewahi kulala huku hajui radi, wa Dar mnapata ngurumo mbili mnapiga picha mnapost. Huku kwetu mchezo huanza usiku ziwani. Mchana nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani kuja bara, mawingu yanajijengea kwenye milima, usiku inageuka, bara inapoa haraka ila maji yamebaki na joto lake, basi upepo unashuka kutoka kila upande kwenda ziwani, unakutana kule katikati na njia pekee iliyobaki ni juu, na huko juu ndo yanapikwa yale mawingu marefu kama mlima. Wavuvi wanalijua hilo kwa maumivu. Alfajiri upepo wa mashariki unayasukuma yote kuja kwetu. Ndo maana huku radi ni kitu cha saa kumi na moja asubuhi, unaamshwa nayo badala ya jogoo.

Mwaka jana Aprili iliupiga mparachichi wetu, kama mita 20 kutoka nyumbani. Ule mti sikuwahi kuona kitu kama kile, gamba lilichanika kutoka juu mpaka chini kama mtu amemenya muhogo na vipande vikaruka mpaka barazani. Baadaye niliambiwa ni maji ya ndani ya mti, radi ikipita yanageuka mvuke kwa sekunde sifuri, mvuke unatafuta pa kutokea, mti unapasuka. Ndani ya nyumba ikaondoka na mashine ya fotokopi (chumba cha mbele nimekifanya steshenari), kompyuta, rauta, king'amuzi na frijigadi (kile kifaa cha kulinda friji na umeme mbovu). Friji lenyewe lilipona sijui kwa sala ya nani. Kwa jirani ilikuwa vibaya zaidi, ng'ombe wawili na ndama waliokuwa wamefungwa chini ya mti mwingine walikutwa wamelala, hawana hata jeraha.

Maneno yakaanza hapo hapo. Eti radi ya kutumwa. Mjomba akaanza kuuliza nani kagombana na nani kuhusu mpaka wa kibanja, mwingine akasema ni shati jekundu la kijana wa jirani, mama akafunika vioo vyote na mashuka. Mimi nilinyamaza maana kubishana na watu wazima msibani haifai, na ng'ombe wawili kwa mtu wa kijijini ni msiba.

FUNDI WA KWANZA

Huyu ni wa mjini hapo, alikuja Mei, laki tatu na nusu kazi na vifaa vyake. Akasimamisha kibomba juu ya paa na kipande cha nondo, akateremsha waya mwembamba kama wa kufungia soketi, akaupitisha ukutani umepinda kama U kukwepa dirisha, akapiga chuma chini, akasema umemaliza mzee, hapa radi ikija inapita kama maji. Nikampa na soda.

Oktoba vuli ilipoanza tu rauta mpya ikaungua, na adapta ya laptop ya mdogo wangu. Nikampigia, akasema hiyo ilikuwa radi kubwa. Aisee.

WA PILI, yule wa brifkesi

Huyu sikumlipa, ashukuriwe Mungu, ila elfu hamsini ya "sevei" alishakula. Kijana msafi, viatu vinang'aa, ana katalogi yenye picha za kichwa kimoja kinafanana na roketi. Akasema hicho kichwa kinatangulia kutoa cheche kabla ya radi kushuka kwa hiyo kinalinda zaidi ya mita 100 kuzunguka, nyumba yangu, ya jirani, mpaka kanisa. Milioni nne na laki nane. Nikamuuliza na chini ardhini mnafanyaje, akasema chini ni kawaida tu fimbo moja, kazi yote inafanywa na kichwa.

Nilienda kusoma usiku mzima na bando langu. Hivyo vichwa vina kiwango chao cha Ufaransa, NF C 17-102, ila ile IEC 62305 ambayo ndo kiwango cha kimataifa haivitambui kama vina eneo la ziada, inavihesabu sawa na fimbo ya kawaida, yaani ile ile ya Benjamin Franklin wa Marekani ya miaka ya 1750. Akaniambia pia kina uwezo wa "kunyonya chaji ya wingu isitoke radi kabisa". Hiyo sasa ni hadithi. Wingu la radi lina urefu wa kilomita kumi na zaidi, vipande vya barafu ndani yake vinagongana na kusuguana, vile vyepesi vinapanda na chaji chanya, vizito vinabaki chini na chaji hasi, kiwanda kizima kinafanya kazi juu ya kichwa chako, wewe uje na kichuma cha mita moja na nusu ukinyonye kikauke? Fimbo haizuii radi isitoke, inaipokea tu na kuipeleka pengine.

Na hilo "pengine" ndo riviu yangu yote.

WA TATU, hawa ninaowapa nyota

Timu ya watu wanne kutoka Mwanza, wakapanda meli ya usiku wakashukia Kemondo na marobota yao ya shaba, kiongozi wao dada mmoja injinia, mpole lakini habembelezi. Alifika akamwamkia mzee shikamoo, akanywa chai, halafu hata paa hakuliangalia. Akauliza, "Baba, chuma cha chini kiko wapi?"

Akafukua kile cha fundi wa kwanza kwa mikono. Jamani. Kilikuwa kimeingia ardhini kama sentimita 40, kimegonga jiwe, jamaa akakikata kwa msumeno wa chuma kilichobaki juu akafukia udongo. Ukiangalia juu unaona kichwa kizuri cha fimbo, kumbe chini ni kiduchu kama kigingi cha mbuzi. Dada akachomeka mashine yake ya kupima erthi, yaani ile njia ya umeme kuingia ardhini, na vijiti viwili mbali kwenye migomba, ikasoma omu 212 (omu ni kipimo cha ardhi inavyoukatalia umeme, namba ikiwa ndogo ndo nzuri). Akanionyesha bila kusema kitu. Inayotakiwa ni chini ya 10.

Akanieleza hivi na mimi nawapa kama nilivyoelewa. Radi ya kawaida ni kama ampea 30,000, na njia inayopita hewani inapata joto la nyuzi karibu 30,000, mara tano ya uso wa jua, hewa inalipuka na huo mlipuko ndo ngurumo. Sasa mkondo wa namna hiyo ukifika chini ukakuta mlango umefungwa haurudi mawinguni, unatafuta mlango mwingine, unaruka kwenye bomba la maji, kwenye waya za umeme, kwenye mwili wa mtu aliyeegemea ukuta. Kwa hiyo fimbo nzuri yenye erthi mbovu ni hatari kuliko kutokuwa nayo, umemwalika mgeni mkorofi ukamfungia sebuleni.

Na ng'ombe je? Nikamuuliza. Akasema radi haikuwagusa hata kidogo. Ilipiga mti, ikatawanyika ardhini, na inapotawanyika nguvu yake ni kubwa karibu na shina na inapungua kadiri unavyokwenda mbali, sasa ng'ombe miguu ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi ya mita, mbele kuna volti nyingi nyuma kidogo, umeme unapanda mguu mmoja unashuka mwingine na katikati ya safari kuna moyo. Mtu aliyesimama miguu pamoja ana nafuu kidogo. Ndo hivyo hivyo kule Norway mwaka 2016 zaidi ya wanyama 300 wa kundi moja kwenye uwanda wa Hardangervidda walikufa pamoja, na Februari 2020 hapo Uganda, hifadhi ya Mgahinga, sokwe wa milimani wanne wa familia moja wakakutwa wamekufa na uchunguzi ukaelekea huko huko kwenye umeme wa radi. Nikamsimulia mjomba habari ya sokwe, nikamuuliza wale nao waligombana na nani mpaka wa kibanja. Alicheka, ila vioo bado vinafunikwa.

Haya turudi kwenye kazi. Shida ya kwetu ni mwamba. Hii milima ya Bukoba mpaka Muleba ni jiwe la mchanga, udongo juu yake mwembamba, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Shimo la kwanza mita moja wakagonga jiwe. Fundi mwingine angetoa msumeno. Hawa wakahamia upande wa chini wa kibanja, kwenye migomba, pale ambapo udongo ni mzito na matandazo yanaufanya ubaki na maji muda wote, fimbo moja ikasoma 41. Hapo ndo nilianza kuelewa bei. Walichimba mtaro wa nusu mita kwenda chini kuzunguka nyumba nzima, umbali kama mita moja kutoka ukutani, wakalaza utepe wa shaba upana milimita 25 unene 3, wakapiga fimbo sita kwa makundi mawili zimeachana vizuri, wakazizungushia bentonaiti, ule udongo laini unaovimba ukinywa maji na kushika unyevu. Mzee akasema si mngeweka tu chumvi na mkaa kama zamani, dada akamjibu kwa heshima kwamba baba, chumvi inashusha namba siku ya kupima, ila kwa mvua ya huku misimu miwili imeshayeyuka na imekula chuma. Ukikumbuka Bukoba inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, hana la kujibu.

Siku ya tatu jioni mashine ikasoma 8.3. Nikapiga picha.

Juu kulikuwa kazi ndogo. Fimbo mbili za kawaida kabisa kwenye ncha za paa, hakuna roketi, na njia mbili za kushukia kwenye kona zinazotazamana ili mzigo ugawanyike, zimenyooka, pakipinda pinda taratibu maana radi haipendi kona kali, inaruka. Nilidhani watatumia shaba mpaka juu nikaambiwa hapana, maji ya mvua yanayotiririka kwenye shaba yakidondokea bati yanakula zinki na bati linaoza kwa mistari, kwa hiyo paani waliweka aluminiamu, chini wakabadilisha na klampu maalum kwa sababu aluminiamu ikifukiwa ardhini nayo inaoza. Shaba ya kushukia wameificha ndani ya bomba la plastiki mpaka urefu wa mtu na mkono, kwa ajili ya watoto wasishike na kwa ajili ya wale ndugu zetu wa vyuma chakavu. Nikauliza si bati lenyewe lipokee radi, tumuokoe mtu hela? Bati langu geji 30 ni jembamba, halifiki hata nusu milimita, radi inalitoboa, na chini ya tundu kuna mbao za kenchi. Basi.

Halafu kwenye breka wakaweka saji protekta, kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla usifike kwenye vifaa vya ndani, yenye kadirisha ka kijani, na waya zake wakazikata fupi mno nikadhani wanabana matumizi, kumbe kila mita ya waya inaongeza kama volti 1,000 kwa vifaa vyako, kwa hiyo ukiona fundi anakuzungushia waya mrefu kwenye boksi eti "ibaki akiba" mwambie akate. Simtanki, gata, waya wa erthi ya umeme, vyote vimefungwa pamoja kwenye ile ringi ya chini, ili radi ikija kila kitu kipande pamoja na kishuke pamoja, pasiwe na tofauti ya kurukia.

Jumla milioni tatu na laki tisa. Ndiyo, ni ndogo kuliko ya brifkesi, na zaidi ya nusu iko chini ya udongo haionekani, wageni wakija wanaona vijiti viwili wanasema umepigwa.

IMEFANYA KAZI?

Novemba mpaka sasa tumepata asubuhi nyingi za kutisha. Desemba moja ilipiga karibu kabisa, mwanga na mlio kwa pamoja (mjue ukihesabu sekunde kutoka mwanga mpaka mlio ukagawa kwa tatu unapata kilomita, hii haikuwa na cha kugawa), nyumba ikanukia ile harufu kali kama ya mashine ya fotokopi ikichemka, hiyo ni ozoni, hewa yenyewe imevunjwa na kuungwa upya. Kila kitu kikabaki salama. Machi kadirisha ka saji protekta kakageuka kekundu, yaani kamekufa badala ya kompyuta yangu, nikanunua kidonge kingine (kile kipande chake cha kuchomoa na kubadilisha) 145,000 nikachomeka mwenyewe. Laki na nusu kasoro dhidi ya fotokopi ya milioni mbili, hesabu hiyo nakubali.

Sasa kasoro. Waya wa dishi. Walifunga kila kitu wakasahau waya wa dishi unaoingia nyuma ya tivii, na huo ni mlango kama milango mingine, Februari tivii ikaenda. Nilipiga simu kwa hasira, dada akakiri bila kuzunguka, siku nne wakaja kufunga, lakini wakanichaji nauli elfu sitini. Kosa lenu, nauli yangu? Hapo ndo nyota ilipokatika. Na walikata mizizi ya mibuni miwili ya mama wakati wa kuchimba mtaro, mmoja umekauka, mama hajasahau na hatasahau.

Mzee naye ana malalamiko yake, eti tukiifukuza radi migomba haitanona, maana wazee wanaamini mvua yenye radi ina mbolea. Na hajakosea sana! Joto la radi linaunganisha nitrojini na oksijeni za hewani, mvua inazishusha zikiwa naitreti ambayo mmea unaila. Ila ni kidogo kwa shamba moja, samadi na maharage yaliyopandwa katikati ya migomba vinafanya zaidi, na fimbo yangu haifukuzi radi yoyote, mawingu yanaendelea na kazi zao kule kule. Nimemwambia, amesema tutaona ndizi.

Kwa walimu na wenye zahanati mnaosoma hii, msione ni mambo ya watu wenye steshenari. Kiryandongo, Uganda, Juni 2011 wanafunzi 18 walikufa kwa radi moja wakiwa shuleni Runyanya, na ACLENet, taasisi ya mambo ya radi iliyopo kule, imekuwa ikifungia shule kinga ikiwemo hiyo hiyo. Ukanda wetu huu si wa mzaha, watafiti waliopitia data za setilaiti za 1998 mpaka 2013 walikuta Kabare, hapo mashariki ya Kongo, ndo inaongoza Afrika nzima na ya pili duniani, mimweko kama 205 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka, inapitwa na ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Kama hela ya kinga haipo, basi watoto wasikimbilie mtini, wakae kwenye jengo la maana au ndani ya gari, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Hiyo haina gharama.

Ukitaka kufunga, maswali yako yawe mawili tu kabla ya kutoa shilingi: mna mashine ya kupima erthi, na mtanipimia mbele ya macho yangu? Akianza kuzungumzia kichwa, mpe chai aende.

Nilichobakiza ni kipimo cha kiangazi. Ile 8.3 ilipimwa vuli udongo umelowa, Julai udongo ukikauka namba hupanda, na wamekubali kwenye risiti kuja kupima tena, nauli yao safari hii. Wakija nitaiweka namba hapa hapa, iwe nzuri iwe mbaya.